Mwezi Mpevu, Waume Wako Nyumbani: Kuandika Tamthilia ya Ndoa Kigoma

Tamthilia nyingi za ndoa zinazojiita za kuchekesha zina ugonjwa mmoja. Mke na mume wanalia sebuleni, na huko getini kuna mlinzi, mlevi au msichana wa kazi anayeporomosha vituko. Sini ya kilio, sini ya kituko, kisha kilio tena, kama watu wanaopokezana zamu. Mtazamaji anaizoea haraka: mlinzi akitokea anajua hakuna kitakachoharibika, basi anakwenda zake kugeuza ugali. Walimu wa fasihi wana jina la mchanganyiko halisi wa kilio na kicheko, tanzia-ramsa, na siri yake haipo kwenye wingi wa vituko. Kitu kilekile kilichochekesha sini ya nne ndicho kitakachokuja kuliza sini ya kumi na saba. Kwa hiyo mlinzi arudishwe kwao. Wenye ndoa ndio wachekeshe.

Kigoma inafaa kwa kazi hii kuliko watu wanavyodhani, na sababu yenyewe ni saa. Mwandishi anayeandika ndoa ya Mbezi au ya Mikocheni, Dar es Salaam, inabidi atunge jambo la kuwakutanisha wahusika wake na jambo la kuwaachanisha: safari ya kikazi, semina, uhamisho. Kigoma ziwa linamfanyia. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga unawavuta juu, wavu unawakusanya. Mbalamwezi ikikolea, taa inazidiwa, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi inalala mchangani kwa wiki moja hivi, pengine na siku kadhaa juu yake. Siku za kazi ni za giza, siku za kupumzika ni za mwezi. Mwezi una siku ishirini na tisa na nusu, kwa hiyo nyumba ya mvuvi hubadili serikali kila baada ya majuma machache bila mtu kupiga kura.

Wakati wa giza mke ndiye mwenye nyumba. Ndiye anayeamka kwenda Kibirizi au Katonga kupokea mzigo, anayeanika, anayeuza, anayelipa ada ya shule, anayejua nani anamdai nani. Mume anarudi asubuhi, analala, anaondoka. Mwezi ukipevuka anaamka saa sita mchana, anakaa sebuleni, na anaanza kuona mambo. Kwa nini mtoto huyu analala saa nne? Huyu aliyepita akasema "mama hajambo?" ni nani? Ile elfu hamsini ya kwenye kibubu iko wapi? Hakuna aliyekosea, lakini kuna wakuu wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili. Hapo ndipo kicheko kinapokaa, na hapohapo ndipo kidonda kilipo.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa mwandishi huo ni msimu mzima uliokwisha kupangwa: mume aliyezoeleka kuwa mgeni wa siku nane anageuka mkazi wa siku tisini, tena bila kipato. Ukiandika kwa kipindi hicho, usiweke kiongozi wa kijiji anayehutubia umuhimu wa mazalia ya samaki. Weka mume anayepanga upya vyungu vya mkewe jikoni kwa ukubwa.

Kuhusu urefu. Msimu wa episodi 13 unajaza robo ya mwaka kwa kipindi cha mara moja kwa wiki, na hesabu hiyo inakaa vizuri juu ya miezi mitatu ya angani. Kila mwezi mmoja chukua episodi nne: ya kwanza ni giza likiwa katikati na kila kitu kinakwenda; ya pili giza linaisha, mke anaficha vitu vya kufichwa; ya tatu mwezi mpevu, mume yuko nyumbani na kila kilichofichwa kinatafuta njia ya kutoka; ya nne mitumbwi inarudi majini na jambo linabaki nusu. Mara tatu ni kumi na mbili. Ya kumi na tatu iache peke yake. Kosa la kawaida ni kuifanya miezi yote mitatu ifanane, mume anarudi, wanagombana, anaondoka. Mwezi wa kwanza siri iwe ya mke, wa pili iwe ya mume, wa tatu wote wawili wajue na waifiche kwa watu wengine. Huo wa tatu ndio mtamu, kwa sababu ndoa ambayo watu wawili wanadanganya pamoja tayari ni ndoa.

Sasa siri yenyewe. Waandishi wengi wanakimbilia mchepuko. Sikatai, nyumba ndogo zipo, na Kigoma zinaweza kuwa hata ng'ambo ya ziwa, maana maboti ya Kibirizi yanakwenda Kongo na Burundi kila leo. Lakini mchepuko kama injini ya hadithi ni mvivu: una milango mitatu tu ya kutokea, ama anakamatwa, ama anaondoka, ama anasamehewa, na mtazamaji anaijua yote mitatu tangu episodi ya kwanza. Siri ya pesa ina milango mingi kuliko hiyo. Ina watu wengi ndani yake: kijumbe wa upatu, wenzake wa vikoba, muuza duka, wakala wa pesa za simu aliye mpwa wa mume. Tena inaweza kutajwa mbele ya watoto bila kutajwa.

Tuchukue mfano mmoja tuutengeneze mpaka mwisho. Tausi anakausha dagaa Kibirizi, nyumba yao iko Gungu. Hamimu ni nahodha wa mtumbwi, au ndivyo anavyojulikana. Tausi amechukua mkopo wa kausha damu: shilingi 300,000, marejesho 15,000 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu, ni 450,000. Hesabu hii ionekane kwenye skripti, kwa sababu mtazamaji wa Kigoma atapiga mwenyewe, na ikimkatalia amekuhama. Alinunua dagaa wabichi bei ikiwa chini. Siku mbili za mvua zikamwozea. Marejesho yakakwama siku ya tisa, na kwa kuwa dhamana ilikuwa vyombo vya ndani, wakaja wakachukua televisheni. Kesho yake mwezi unapevuka. Hamimu yuko nyumbani, na Jumamosi kuna mpira.

Tausi anasema televisheni iko kwa fundi. Mpaka hapa ni uongo wa kawaida ambao kila mwandishi angeufikia. Kinachoibeba episodi ni kwamba waliochukua televisheni walisahau rimoti. Rimoti iko mezani. Kwa hiyo usitafute maneno ya kuchekesha, fuata rimoti.

Kwenye episodi ya dakika 24 ningegawa hivi. Dakika moja na nusu ya kwanza, kabla ya jina la tamthilia: meza ya televisheni, kitambaa cha kufuma, na katikati ya vumbi kuna mstatili safi. Mkono wa Tausi unapangusa meza yote ili vumbi lilingane. Hakuna neno linalosemwa. Kisha karibu dakika saba za uongo kuongezeka, nane za uongo kuanza kujiendesha wenyewe, sita za kulipa, na dakika moja na nusu ya mwisho kwa kitu kitakachomrudisha mtazamaji wiki ijayo. Kisa kikuu kipewe dakika 13, kisa cha pili saba, cha tatu nne. Cha pili hapa ni bibi yake Hamimu aliyekuja kutibiwa meno na hataki kuondoka. Cha tatu ni mtoto, Shani, aliyelipwa pipi akae kimya na sasa anapandisha bei.

Uongo unaanza kujiendesha wapi? Hamimu, kwa wema kabisa, anakwenda mwenyewe kwa fundi kumharakisha. Fundi hajaambiwa kitu. Lakini fundi gani anakubali kwamba hajui kazi ya mteja iko wapi? Anasema ipo, imepona, njoo jioni. Jioni Hamimu anarudi nyumbani na televisheni ya mtu mwingine. Sasa Tausi ana televisheni ya wizi sebuleni na hawezi kusema si yao.

Sini ya nne, kabla ya hayo:

NDANI. SEBULE, GUNGU. MCHANA.
(Hamimu kalala kwenye kochi, anabonyeza rimoti kuelekea ukutani. Bibi anachambua mchele.)

BIBI: Mume wangu, unawasha nini huko ukutani?
HAMIMU: Najaribu betri, bibi. Mpya hizi, zisije zikalala.
BIBI: Betri hazilali. Anayelala humu ni wewe, tangu juzi.
TAUSI (toka jikoni): Baba Shani, fundi kasema Jumamosi.
HAMIMU: Jumamosi ipi?
TAUSI: Kwani ziko ngapi?

Na sini ya kumi na saba. Fundi ameshakuja kuchukua televisheni isiyo yao, kwa aibu ya pande mbili. Meza iko tupu tena. Kijana wa mkopo anabisha hodi, safi, mpole, kachomekea.

KIJANA: Shikamoo baba.
HAMIMU: Marahaba.
KIJANA: Mama, samahani. Ile rimoti. Tumepata mteja, hataki kuichukua bila rimoti.
(Kimya. Tausi hasogei. Hamimu anaitazama meza, anamtazama mkewe. Anachukua rimoti, anaipangusa kwenye shati, anampa kijana.)
HAMIMU: Betri ni mpya.

Basi. Kata hapo. Mwandishi asiyejiamini ataongeza kurasa mbili za ugomvi, "kwa nini hukuniambia", machozi, na wimbo wa huzuni kwa chini. Kila neno linaloongezwa baada ya "Betri ni mpya" linapunguza. Ugomvi wao utakuja episodi inayofuata, na utakuwa juu ya kitu kingine kabisa, chumvi kwa mfano, kwa sababu ndivyo watu waliooana wanavyogombana. Halafu kuna swali ambalo mtazamaji makini atabaki nalo: kwa nini Hamimu hakufoka? Jibu ni la mwezi wa pili. Unahodha alishanyang'anywa tangu giza lililopita, anavua kama mkono wa kawaida, mgawo wake umepungua, na hajasema. Aliyeficha hana mdomo wa kumfokea mfichaji.

Angalia nani alichekesha kwenye ile sini ya nne. Kwa mila zetu hakuna mtu anayechekesha popote anapotaka. Kuna wenye ruhusa. Bibi na mjukuu wana utani, ndiyo maana anamwita mume wangu, anaweza kumshambulia mke wa mjukuu kama mke mwenza, kumsimanga, kudai zamu yake, na hakuna atakayekasirika. Shemeji ana ruhusa. Mtani wa kabila ana ruhusa, hata msibani. Lakini mama mkwe na mkwewe wa kiume wana heshima nzito kati yao, na utani hapo unamkera mtazamaji kabla hajajua kwa nini. Skripti zinazotafsiriwa kichwani kutoka tamthilia za nje zinajikwaa hapa: mkwe na mama mkwe wanarushiana kejeli mezani, na nyumba nzima inaonekana ya kigeni hata kama ugali upo. Ukitaka mama mkwe achekeshe, mpe kimya. Kaingia sebuleni ghafla, mkwe kavaa msuli na anabonyeza rimoti ukutani. Wote wawili wanatafuta pa kuangalia. Hiyo inatosha dakika nzima.

Lugha. Kiswahili cha Kigoma mjini kina Kiha ndani yake, na Ujiji ina Kiswahili chake cha miaka mingi, cha madrasa na cha biashara. Weka "mwakeye" ya asubuhi, weka neno la Kiha pale mtu mzima anapokasirika au anapobembeleza mtoto, basi. Mhusika anayechekesha kwa lafudhi peke yake amekwisha episodi ya pili, na Waha wamechoka kuchekwa namna hiyo. Epuka pia mazungumzo ya kueleza. "Kama unavyojua, mume wangu, tumeoana miaka tisa na tuna mtoto mmoja" ni sentensi ambayo hakuna mke aliyewahi kuitamka. Ukitaka tujue ni miaka tisa, bibi aulize tu mahari ilimalizika lini.

Kanuni ya Wamarekani kwamba ukurasa mmoja ni dakika moja, kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12, itumie kwa tahadhari. Maneno yetu ni marefu, na mtu mzima wa Kigoma hamalizi salamu kwa mstari mmoja. Soma episodi nzima kwa sauti, watu watatu, saa mkononi, na vitendo visivyo na maneno uvihesabu pia. Ikitoka dakika 29 badala ya 24, usikate maneno mawili mawili kila sini, mwendo utaharibika. Toa kisa cha tatu chote ukiweke episodi nyingine.

Kicheko cha kurekodi usikiweke. Kicheko cha watazamaji kina mahali pake: mwaka 1951 I Love Lucy, tamthilia ya vichekesho ya Marekani, ilipigwa kwa kamera tatu za filamu mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini, na waigizaji walisubiri kicheko kiishe ndipo waendelee. Kwenye sebule halisi ya Gungu yenye kamera moja hakuna wa kucheka, na kicheko cha kubandika kinamwambia mtazamaji kwamba sini ya rimoti ya mwisho nayo ni mzaha. Badala yake acha nafasi. Baada ya "Kwani ziko ngapi?" baki kwenye uso wa Hamimu sekunde mbili. Huku watu wanatazama kwa pamoja, majirani na watoto, na mstari unaofuata kwa kasi unamezwa na kelele za chumba.

Na usibabaike na mgawanyo wa zamani wa Marekani kwamba nusu saa ni ya kuchekesha na saa nzima ni ya kulia. Mwaka 1999 Ally McBeal, yenye urefu wa saa nzima na matangazo yake, ilipewa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya tamthilia bora ya vichekesho, na tangu hapo mpaka ule umekuwa wa makaratasi. Nusu saa bado ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza, kwa sababu za mfuko tu. Ukikosa pesa kabisa, kumbuka kwamba televisheni ya Sweden mwaka 1973 ilionyesha ndoa moja kwa episodi sita, sehemu kubwa ikiwa mtu na mkewe ndani ya vyumba.

Sehemu inayoaibisha zaidi ni sheria. Hakimu anagonga meza, "nawapa talaka", sini imekwisha, na hapo mwanasheria yeyote anayetazama anazima. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, shauri la talaka haliendi mahakamani, isipokuwa katika hali chache, mpaka lipite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kupatanisha. Ndoa ambayo haijafikisha miaka miwili haiombewi talaka bila kibali maalumu cha mahakama. Ndoa ya Kikristo ya mke mmoja haiongezewi mke wa pili kwa mume kwenda tu kwa sheikh. Na mke wa ndoa inayoruhusu zaidi ya mmoja anaweza kuweka pingamizi dhidi ya ndoa mpya. Watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana kama mke na mume, sheria inadhania wameoana, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Na yule mume wa tamthilia anayesema "nyumba ni yangu, wewe ulikuwa unapika tu" amechelewa: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Haya si ya kumfunga mwandishi mikono. Baraza la usuluhishi ni sini bora kuliko mahakama: wazee wachache, benchi, mtu mmoja anayemfahamu baba yako, na wanandoa wanaolazimika kueleza habari ya rimoti kwa sauti rasmi. Ukiandika nyumba ya Kiislamu ya Ujiji, hesabu za eda nazo zishike: mjane miezi minne na siku kumi, na aliyeachwa ana hesabu yake tofauti. Nimeona mjane wa tamthilia akivalishwa hina wiki ya tatu. Mtazamaji wa Ujiji hakuuliza tena kuhusu kisa.

Kupiga picha. Kigoma iko magharibi sana lakini saa yake ni ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama baada ya saa moja jioni kidogo, takribani dakika arobaini nyuma ya Dar. Ratiba iliyoandaliwa Dar inawafikisha watu ufukweni saa kumi na mbili asubuhi wakiwa gizani, na inawaondoa jioni wakati mwanga mzuri ndio unaanza. Utosi wa jua ni saa saba, si saa sita. Kati ya saa tano na saa tisa ingia ndani, piga sini za sebuleni, maana nje nyuso zinakuwa na vivuli vyeusi chini ya macho.

Sini ya dagaa haina marudio. Wanaposhuka asubuhi wanang'aa; wakianikwa kwenye jua kali, saa chache baadaye wamejikunja na rangi imekufa. Ukipiga shoti pana saa moja na nusu asubuhi na uso wa Tausi saa tano, mtazamaji wa kawaida hatajua kwa nini hazikai pamoja lakini ataona hazikai. Piga nyuso kwanza, ukiwa na samaki wabichi, kisha shoti pana, kisha mikono. Nunua ndoo mbili za akiba na uzifunike kivulini. Mwenye kazi ya mwendelezo apige picha ya chanja kila baada ya sini, na apige picha ya kitenge cha Tausi pia, jinsi kilivyofungwa. Akivaa kanga, soma maandishi yake kabla ya mtazamaji hajayasoma. Kanga yenye maneno ni mazungumzo, na isiyochaguliwa inaweza kusema jambo ambalo sini haikulikusudia.

Sauti ndiyo inayoua kazi nyingi za mikoani. Mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili ama Mei, ikipiga bati huna mazungumzo, hata maiki iwe kifuani. Kiangazi nacho kina upepo wa kusini ziwani. Maiki za ufukweni zivalishwe manyoya, na wanaoongea wageuzwe migongo kwenye upepo. Zima friji, ila weka funguo za gari juu yake ili usisahau kuiwasha, maana mwenye nyumba ana samaki humo. Kabla ya kuondoka kila chumba, nyamaza sekunde thelathini na urekodi ukimya wake. Bila huo, mhariri hana cha kuziba anapokata, na chumba kinasikika kama kinafungwa na kufunguliwa.

Kwa timu ndogo ya watu wanane yenye kamera moja, kurasa tano hadi saba kwa siku ni mwendo wa kibinadamu. Episodi ya dakika 24 ni siku nne, tano ukiwa na ziwa ndani yake. Zipange sini za sebule za episodi nne pamoja; ila vumbi la mezani ulirudishe.

Vibali nitavipita haraka. Kupiga filamu kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976, na kazi ikikamilika inapangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa. Skripti isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaitembeza kwenye vituo. Bandari na stesheni ya reli vina wenyewe, na kila kimoja kina barua yake. Mikataba ya waigizaji iandikwe kwa msimu mzima. Bibi akijulikana mjini kwenye episodi ya tano, ya sita atadai kama Shani.

Ile episodi ya kumi na tatu, niliyosema iachwe peke yake, inaisha kwa taa za wavuvi zikiwa zimetapakaa ziwani kama mji, na Tausi akiziangalia bila kujua ni ipi ya mumewe. Picha hiyo haipatikani kila usiku. Mwezi mpevu unachomoza jua linapozama, na kila usiku unaofuata unachelewa kama dakika hamsini. Nenda usiku wa nne baada ya mpevu: jua limezama saa moja, mwezi hautatoka mpaka karibu saa nne na nusu, na mitumbwi imeanza kurudi kazini. Una zaidi ya saa mbili za giza. Tripodi, kasi ya shata ya 1/50, lenzi iliyofunguliwa yote, ISO (wepesi wa kamera kuona gizani) ipandishe taratibu mpaka maji yaanze kuonekana kisha shuka hatua moja. Taa za sasa nyingi ni za LED na zinaweza kumemeta kwenye kamera, kwa hiyo jaribu kasi mbili tatu kabla ya Tausi hajasimama. Uso wake uangazwe na tochi ya simu iliyofunikwa leso, kutoka upande wa nyumba. Rekodi dakika tatu bila kukata, na mwambie asigeuke.